Kubana nywele juu na kijiti ulichotengeneza mwenyewe: maswali yenu

Maswali ni mengi jamani, nimechukua haya maana mengine yanafanana, na naanza na lile ambalo karibu kila mtu ameuliza.

Dada habari, mi nikibana na kijiti kinakaa dakika kumi tu af kila kitu kinaporomoka. Nywele zangu ni laini, zinapita mabega kidogo. Nakosea wapi?

Nzuri mpendwa. Mara nyingi kosa ni moja tu: umechomeka kijiti kwenye fundo, kikatokea upande wa pili bila kugusa nywele zilizolala kichwani. Hapo fundo limeshikwa na kijiti na kijiti kimeshikwa na fundo, ila hamna kilichoshika kichwa, lazima kianguke. Simama mbele ya kioo ufanye taratibu. Kusanya nywele zote pale unapotaka fundo likae, zisokote kama unakamua nguo mpaka zianze kujikunja zenyewe, ziache zijizungushe, ncha uifiche chini. Sasa ingiza kijiti kwenye ukingo wa fundo, chota tabaka jembamba tu la nywele za juu, kijiti kikiwa kinatazama nje, mbali na fundo. Halafu, na hapa ndo penyewe, kipindue. Ile ncha iliyokuwa inatazama nje igeuke irudi kichwani, iguse ngozi kidogo, ichote na nywele za kichwani, ndo uisukume ipite chini ya fundo mpaka itokee upande wa pili. Ukipindua vizuri utasikia nywele zinakaza zenyewe mkononi, wala hujavuta kitu. Tikisa kichwa, kama kinacheza toa uanze upya, usiongeze pini juu ya kosa.

Na nywele laini zilizooshwa leo zinateleza sana, subiri kesho yake au lowanisha viganja na maji kidogo kabla hujasokota.

Kijiti natengenezaje nyumbani? Nimejaribu kutumia penseli, inakamata nywele.

Penseli ina kona, na rangi yake ikishabanduka pale kwenye mbao ndo panaponasa. Tafuta kipande cha mti mgumu ambao nyuzi zake zimenyooka kwenda urefu, maana zikienda mshazari kitakatika siku unakipindua kwenye nywele nyingi. Unene milimita 6 hadi 8, urefu sentimita 15 mpaka 18 unawatosha wengi, ila kipimo chenyewe ni fundo lako: kijiti kizidi sentimita mbili tatu kila upande. Ncha ichongwe iwe nyembamba lakini butu, kama kidole cha mtoto, isiwe kali, unaipitisha kwenye ngozi ya kichwa hiyo!

Kazi kubwa ni msasa, na hapa msiharakishe nawaomba. Anza na namba 120, nenda 240, malizia na 400, siku zote ukifuata nyuzi za mti. Ukishamaliza kilowanishe na maji ukiache kikauke. Kikikauka utashangaa kimerudi kuwa na vinyweleo, ni nyuzi za mti zimesimama, sasa pitisha tena ile 400 mpaka zilale. Namna ya kupima ni kuchukua pamba na kuikokota kijiti kizima, kuanzia kichwa mpaka ncha, ikiacha hata uzi mmoja ujue pale ndipo nywele zako zitakatikia, rudi kwenye msasa. Mi kijiti changu cha kwanza niliona kimeshateleza kabisa mkononi, pamba ikanasa sehemu tatu. Malizia kwa kukisugua na nta ya nyuki na kitambaa kikavu. Vanishi siipendi sana, ikianza kupasuka inakwangua, nta unaipaka tu tena.

Shanga na mapambo weka upande wa kichwa cha kijiti tu, usishushe hata moja kule kunakopita kwenye nywele.

Nywele zangu ni za kipilipili, fupi, kijiti hakipiti kabisa. Nifanyeje?

Usilazimishe. Nywele zako tayari zinashikana zenyewe, hazihitaji kusokotwa hivo. Nyunyizia maji na kilainishi kwanza, usizinyooshe zikiwa kavu, zigawe mafungu mawili au matatu, kila fungu lisokote kuelekea juu na ncha zikutane utosini. Hapo badala ya kijiti tumia uma wa meno mawili, ule wenye umbo la U. Wa waya unaweza kuukunja mwenyewe: waya wa shaba wa milimita 2, kunja katikati, gongagonga taratibu na nyundo (shaba ikigongwa inakuwa ngumu, haikunjiki hovyo), ncha zisugue na msasa mpaka ziwe mviringo. Unaingia wima, unainama, unasukuma ukilalia kichwa. Basi.

Nina rasta ndefu, nikizibana zote juu kichwa kinauma mpaka jioni. Ni kawaida?

Hapana, na tafadhali usivumilie. Rasta zina uzito, ukizirundika zote utosini uzito wote unaning'inia kwenye nywele za mbele na za pembeni, ambazo ndo dhaifu. Maumivu na vile vipele vidogo kwenye mstari wa nywele ni dalili kwamba mizizi inavutwa. Ukiacha mapema nywele huwa zinarudi, ukiendelea miaka na miaka vishimo vya nywele vinaweka kovu na hapo hazioti tena. Bana nusu tu, nyingine ziache chini, au shusha fundo mpaka kisogoni, na usiku fungua kila kitu. Kama pembeni pameshaanza kuwa peupe muone daktari wa ngozi.

Skranchi (ile lastiki ya nywele iliyovishwa kitambaa) ya kushona mwenyewe vipimo gani? Ninayonunua inanilegea.

Kitambaa sentimita 55 kwa 10, lastiki sentimita 20. Kwa nywele nyingi au rasta panda mpaka 70 na lastiki 25. Kunja upande mzuri ndani, shona ule urefu, geuza, pitisha lastiki kwa sefti pini, fundo la lastiki ulishonee juu lisifunguke, kisha ziba mdomo kwa mkono. Satini ni nzuri kuliko pamba kwa sababu haikwaruzi. Hiki kitu kilipewa hataza Marekani mwaka 1987, aliyekibuni ni Rommy Revson, na alichokuwa anatafuta ni cha kufungia ambacho hakikati nywele, kwa hiyo ukiivuta mizunguko minne mpaka inabana kama raba umeipoteza maana yake. Miwili inatosha.

Pini za kawaida, ule upande wenye mawimbi unakaa juu au chini?

Chini, kwenye ngozi. Mawimbi ndo yanashika nywele.

Nataka kuweka ua la kitambaa kwenye kitana kwa ajili ya sherehe ya mdogo wangu, ila gundi inabanduka kila nikijaribu.

Acha gundi shona. Pitisha uzi au waya mwembamba katikati ya kila jino la kitana, zungusha kwenye mgongo wake, halafu ua lishonee juu ya hizo nyuzi, haliendi popote. Liwe jepesi, kwa sababu ua zito linainamisha kitana mbele na mwishowe kinachomoka. Wakati wa kulivisha, meno yatazame juu kwanza, yachote nywele kidogo, halafu lipindue lishuke kuelekea kwenye fundo, ni ule ule mpinduo wa kijiti. Mvishe siku moja kabla, atembee nalo ndani saa nzima, ainame, acheke, uone linakaa vipi.