Ukuta wa Matumbawe na Lipu ya Saruji

SWALI: Assalaam aleykum. Nimerithi nyumba ya ghorofa moja huko Malindi, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na tangu nihamie sijapumzika na ukuta wa ukumbi wa chini. Rangi inabambuka, chini yake kunatoka unga mweupe wenye ladha ya chumvi, na lipu inapasuka. Kwa kuwa sina fedha za fundi, nimekwangua na kupiga lipu kwa mikono yangu mara tatu, kila mara nikizidisha saruji, na kila masika yakipita ukuta unarudi kule kule. Juzi usiku kilianguka kipande kikubwa kama sinia, na nilipokigeuza nikakuta kimeng'oa vijiwe. Nimekata tamaa. Ni saruji gani, au rangi gani, itakayoukomesha unyevu huu?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu yetu. Mikono yako haina kosa, na shahidi ni hicho kipande chenye vijiwe mgongoni. Lipu yako ilishika vizuri, lakini saruji ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe, kwa hiyo inapoachia huondoka na ngozi ya ukuta.

Kuta za Mji Mkongwe, ambazo nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi, zilijengwa kwa mawe yenye vitundu yaliyounganishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya ardhini na kuyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukiuziba kwa saruji na rangi ya plastiki, maji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi yakiwa yamebeba chumvi, na yanapokauka nyuma ya rangi chumvi hiyo huganda chembechembe na kuisukuma lipu nje. Ndiyo maana kila ulipozidisha saruji hali ilizidi kuwa mbaya, nami siwezi kukutajia saruji nyingine wala rangi nyingine.

Kabla ya kugusa ukuta, tafuta maji yanakotoka. Tazama bomba la maji ya mvua, choo cha juu, na hasa uchochoro wa nje, kwani mara nyingi sakafu yake imeinuliwa kwa zege na maji hutuama mguuni mwa ukuta.

Masika yakishakatika, bandua saruji yote kwa patasi na nyundo ndogo, bila kupiga kwa nguvu, hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Uache ukuta wazi upigwe na upepo wa kusi kuanzia Juni hadi Septemba. Najua ni vigumu kuishi na ukumbi uliochunwa kwa miezi mitatu, lakini hapa ndipo watu wengi huharakisha na kupoteza kazi yote. Chumvi itakayojitokeza iondoe kwa brashi kavu na uizoe. Usiioshe, kwa kuwa maji huirudisha ndani.

Kisha piga lipu ya chokaa kabla ya vuli: sehemu moja ya chokaa iliyokwisha kuzimwa na kulowekwa kwa wiki kadhaa, kwa sehemu tatu za mchanga usio wa pwani. Lowesha mawe kidogo, paka tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, lifunike kwa magunia yenye unyevunyevu ili jua lisilikaushe ghafla, na usiweke la pili mpaka la kwanza ligande. Vaa glavu na miwani, kwani chokaa huunguza macho. Mwisho paka chokaa ya maji badala ya rangi ya kopo.

Ukikuta ncha za boriti zimeoza ndani ya ukuta, au ufa unaoingia kidole, simamisha kazi na umwite fundi aliyezoea nyumba za mawe, hata ikibidi kusubiri fedha. Na kwa kuwa nyumba yako imo katika eneo la hifadhi, pitia kwanza ofisi ya Mamlaka ya Mji Mkongwe kuomba kibali cha matengenezo, nawe uwaulize hapohapo ni wapi hupatikana chokaa iliyolowekwa vizuri.