Gobore la mitutu miwili: baruti kiasi gani, marisau kiasi gani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Pennsylvania. Nimenunua gobore la Kiingereza la karne ya 19, mitutu miwili, kipimo cha 12, la kuwashwa kwa fataki. Fundi bunduki wa huku ameikagua mitutu na kusema ni mizima. Nashindilia greni 95 (gramu 6 hivi) za baruti nyeusi kwa wakia moja ya marisau. Linanipiga bega kweli kweli, ila visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kwa shabaha vinapita salama. Niongeze baruti? Na msimu wa bata nitumie marisau hayo hayo?

JIBU: Marahaba. Usiongeze, punguza.

Mitutu ya magobore ya aina hiyo kwa kawaida haina choki, kwa hiyo hakuna kinachoyabana marisau yakitoka. Baruti ikizidi, chembe za chini zinabonyea kwa msukumo, nazo zikishabonyea haziendi sawa. Vizibo vinavyotenga baruti na marisau navyo vinatoka kwa kasi na kuyapiga marisau kwa nyuma. Ukilenga karatasi utaona duara lenye uwazi katikati, na humo ndimo visahani vyako vinamopita.

Anza na ujazo sawa: kipimo ulichochotea baruti ndicho hicho hicho uchotee marisau. Kwa namba 12, greni 75 za baruti zinakwenda na wakia moja na moja ya nane ya marisau, yaani gramu 32 hivi. Baruti iwe FFg, yaani ya chembe za ukubwa wa kati. FFFg ni laini mno kwa mtutu mpana namna hiyo, shinikizo linapanda bila faida. Ile isiyo na moshi usiitie hata kidogo, itapasua mtutu.

Juu ya baruti weka kadi ngumu ya milimita 3, kisha kizibo laini chenye mafuta, marisau, na mwisho kadi nyembamba. Hii ya mwisho wengi huitia nene ili marisau yasimwagike, kumbe nayo inayatawanya.

Sasa tundika karatasi pana yadi 25, uchore duara la inchi 30 kuzunguka pale marisau yalipojaa zaidi. Jaribu kila mtutu peke yake, maana haifanani hata kidogo. Katikati pakibaki wazi, punguza greni 5 za baruti, marisau usiyaguse.

Ukifyatua mtutu mmoja, toa fataki ya wa pili kabla hujashindilia tena. Teke la mlio wa kwanza huweza kuyasogeza marisau ya mtutu uliobaki, na nafasi ikiachwa kati yake na baruti, mtutu unaweza kupasuka. Tia alama kwenye mdeki, ile fimbo ya kushindilia, uuteremshe humo uone kama alama imekaa pale pale. Baruti nayo imimine kwa kipimo, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuwekea baruti: kaa la moto likibaki ndani, pembe nzima italipukia mkononi.

Bata ni habari nyingine. Marekani imepiga marufuku marisau ya madini ya risasi kwa ndege wa majini tangu 1991, na ya chuma yataikwaruza mitutu laini kama hiyo. Nunua ya metali ya bismathi. Ni ghali, lakini hayaumizi mtutu.