Kopo la kelele: majibu kwa waliowasha kabla ya kusoma

Mwezi uliopita nilieleza namna ya kujitengenezea chanzo cha kelele cha kupimia redio: zena (diodi inayoachia umeme upite kinyume ukifika volti fulani) ya volti 12 iliyofungwa kinyume, rezista ya kilo-omu 4.7, betri mbili za volti 9 zilizoungwa mfululizo, kapasita ya nanofaradi 1 ya kutolea mawimbi, na pedi ya rezista tatu kwenye tokeo, vyote ndani ya kopo la bati. Kelele ninazozungumzia ni ile "shhh" unayoisikia redio ikiwa katikati ya stesheni mbili. Kwenye TV za zamani tuliziita chenga. Ukiwa na kelele unazoziwasha na kuzizima mwenyewe, unaweza kupima redio badala ya kuipigia ramli, na ramli ndiyo ugonjwa mkubwa wa mafundi wa mji huu wa Dodoma, mimi nikiwemo zamani.

Maswali yamekuja mengi. Wengine wamesoma mstari wa kwanza tu wakakimbilia pasi ya kulehemu.

Fundi, nimetumia zena ya volti 3.3 kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Kelele hazitoki. Zena ni mbovu? (Nkuhungu)

Zena ni nzima, ila ni mpole mno. Zilizo chini ya volti 5 hivi hupitisha umeme kwa utulivu, elektroni zinapenya bila vurugu. Kuanzia volti 6 kwenda juu mambo yanabadilika: elektroni iliyoshika kasi inagonga na kuzitoa nyingine, nazo zinagonga nyingine, kama mawe yanavyoporomoka mlimani. Maporomoko hayo ndiyo kelele tunazozitaka. Niliandika 12, sikuandika "yoyote".

Huna ya 12? Chukua transista ya kawaida kama 2N2222. Kolekta iache hewani, emita iende chanya, besi iende hasi. Itavunjika mahali fulani kati ya volti 6 na 9, kwa hiyo panda hadi rezista ya kilo-omu 10 ili mkondo ubaki karibu na miliampia 1. Lakini transista hiyo ukishaifanya hivyo iandike "KELELE" kwa kalamu na usiirudishe kwenye amplifaya. Kila ikivunjwa kinyume, uwezo wake wa kukuza unashuka. Nimewahi kuzunguka nusu siku kwenye redio ya mteja kwa sababu ya transista niliyoitoa mwenyewe kwenye majaribio kama haya na kuitupa kwenye boksi la spea nzima.

Na zena hazilingani hata zikitoka mfuko mmoja. Weka rezista ya kuzungusha, badilisha mkondo taratibu huku unasikiliza, utakuta mahali inapolia vizuri zaidi.

Naweza kutumia chaja ya simu badala ya betri?

Hapana. Utakuwa unapima chaja.

Shikamoo. Nasoma hapa UDOM. Nimechomeka kopo kwenye redio ya USB, ile ya SDR inayochomekwa kwenye kompyuta, na mstari kwenye skrini umepanda desibeli 12. Kwa hiyo ENR ya kopo langu ni 12?

Marahaba. Hapana, na nafurahi umeuliza kabla hujaiandika kwenye ripoti.

Hizo 12 ni tofauti kati ya kopo likiwa limewashwa na likiwa limezimwa. Ndani yake mna kelele za kopo na kelele za redio yenyewe, zimechanganyika kama maji na maziwa. ENR ni kelele za kopo peke yake, zinazozidi zile za rezista iliyo kwenye joto la kelvini 290. Hizo ni nyuzi 17 tu, tuseme asubuhi ya mwezi wa saba hapa Dodoma.

Piga hesabu. Desibeli 12 ni mara 15.85. Toa 1, inabaki 14.85, ambayo ni desibeli 11.7. Jumlisha na kelele za redio yako, yaani zile inazoziongeza yenyewe. Kama redio ina kelele za desibeli 6, kopo lako ni 17.7. Kama redio ina desibeli 10, kopo ni 21.7. Mstari ni uleule kwenye skrini, makopo ni mawili tofauti kabisa. Unaona mtego?

Njia safi ni kuazima chanzo kilichopimwa maabara, chenye namba zake ubavuni, na kulinganisha. Wasio na maabara wana njia ya jikoni ya kujua kwanza kelele za redio yenyewe. Chukua rezista mbili za omu 100, ziunge sambamba upate 50, zifunge vizuri maji yasiingie, kisha uzitumbukize kwenye maji ya barafu, halafu kwenye maji yanayochemka. Rezista ikipata moto inapiga kelele zaidi. Johnson alilipima jambo hilo na Nyquist akalitolea hesabu, na wote wawili walichapisha mwaka 1928. Ila usiandike nyuzi 100! Sisi tuko mita elfu moja na mia moja hivi juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye 96 hivi. Anayekopi namba kutoka kwa mtu wa Dar anakopi na bahari yake.

Sasa tahadhari. Kwa redio yenye kelele za desibeli 6, kutoka barafu hadi kuchemka mstari utapanda chini ya nusu desibeli. Hutauona kwa macho. Tanguliza amplifaya nzuri yenye kelele za desibeli 1 tu, utapata kupanda kwa desibeli 1 hivi, na uiache programu ikokotoe wastani kwa dakika kadhaa. Zima pia ile gain ya kujiendesha. Kama inajirekebisha yenyewe, kila ukiongeza kelele yenyewe inapunguza, na wewe unabaki kushangaa mstari uliolala.

Na kama unachotaka ni kuona umbo la filta tu, au kulinganisha redio mbili, acha ENR ilale. Kopo, filta, redio, tazama mstari unavyojichora. Kwa kazi hiyo linatosha hivyo hivyo lilivyo.

Ile pedi ya rezista tatu kwenye tokeo ina kazi gani? Mimi nimeiruka.

Najua umeiruka, wengi wameiruka. Zena iliyowashwa na iliyozimwa haziko sawa machoni pa redio, kwa hiyo redio inabadili tabia na kipimo kinakudanganya. Pedi ya desibeli 10 inazifanya zifanane. Kwa omu 50 ni rezista ya 71 katikati na mbili za 96 kwenda ardhini, na dukani utapata 68 na 100, zinatosha. Unapoteza kelele kidogo, unapata ukweli.

Kelele zangu zinafika vizuri FM lakini juu ya megahezi 400 zinakufa. (Kisasa)

Ulinitumia picha. Miguu ya zena yako ni mirefu kama ya korongo! Sentimita 3 kila upande, na kapasita imelala mbali kama haijui mwenzake. Kwenye masafa hayo waya mtupu ni koili. Kata miguu ibaki milimita 3, ardhi ilehemu moja kwa moja kwenye bati, na kapasita iguse soketi. Halafu rudi.

Fundi, jirani anafungulia redio mpaka saa 7 usiku. Nikiunganisha kopo na antena na kuongeza amplifaya, si nitamzima?

Hili limekuja kutoka kwa watu watatu, kila mmoja na jirani yake.

Usithubutu. Kopo linaingia kwenye redio kwa kebo, basi. Ukilipatia antena na nguvu umetengeneza mtambo wa kuvuruga mawasiliano, na TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, hawana lugha nyingine ya kuuita. Tena kelele hizi hazichagui. FM inaishia megahezi 108, na juu yake kuanzia 118 hadi 137 ndiko marubani wanakozungumza na mnara. Uwanja wa ndege wa mji huu uko katikati ya nyumba zetu. Kamwambie jirani apunguze sauti, au nenda kwa mjumbe.

Busta gani ya kukuza mawimbi ya antena ni nzuri? (Mpwapwa, Kongwa, Area C, Chang'ombe, na wengine)

Jamani. Kila mwezi.

Nitajibu kwa kisa kimoja. Mteja aliniletea redio na busta aliyouziwa, amefunga busta sebuleni nyuma ya redio, mwisho wa mita 30 za kebo ya bei rahisi. Nikapima kwa kopo. Redio peke yake ilikuwa nzima. Busta mbele yake ikaongeza kelele kuliko redio yenyewe ilivyokuwa nazo. Alilipia kelele. Kilichopotea kwenye kebo hakirudishwi na busta iliyo mwisho wa kebo, inachokuza ni mabaki pamoja na chenga zake. Kama lazima uwe na busta, iwe juu, shingoni mwa antena, kabla kebo haijala kitu. Na kama unakaa karibu na minara ya FM, hata hiyo italewa na stesheni zenye nguvu na kukutapikia stesheni hewa kila mahali.

Kebo nzuri kwanza. Antena juu kwanza. Mkinikuta nauza busta, nimefilisika.

Redio yangu ya MW inakwaruza sana usiku kuliko mchana. Nipime kwa kopo?

Chomoa antena. Mikwaruzo ikipungua, redio ni nzima na kopo halina la kukusaidia. Usiku tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi ya MW linatoweka, kwa hiyo stesheni za mbali zinafika, na radi za mbali pia zinafika, hata za bonde la Kongo. Huko chini, anga lina kelele nyingi kuliko redio yoyote nzima. Kopo lina maana zaidi kwenye VHF kwenda juu.

Kwangu mikwaruzo inaanza saa 12 jioni kamili. (Ipagala)

Hiyo si anga, anga halina saa ya ukutani. Weka redio ya betri, zima meinswichi. Ikinyamaza, washa taa moja moja. Nina wasiwasi na taa za LED za bei ya karanga. Isiponyamaza, tazama sola ya jirani, hasa kile kidude cha kuchajia betri.

Unauza makopo yaliyokamilika?

Siuzi. Njoo na kopo lako, zena ya 12 na betri mpya. Wa mwisho alikuja na betri za rimoti.