Breki za diski kwanza, gia za umeme baadaye

Unayenunua baiskeli yako ya kwanza ya barabarani, kama pesa inatosha kimoja tu kati ya breki za diski (zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu) na gia za umeme (zinazobadilishwa kwa kitufe na mota badala ya waya), chukua diski. Sababu kubwa ni fremu. Fremu iliyoundwa kwa breki za ringi (zinazobana ukingo wa gurudumu) haina mahali pa kufungia diski, na ukishainunua ndiyo hiyo hiyo miaka yote. Gia unaweza kuzibadilisha baadaye.

Kwenye mvua ndipo utakapoona tofauti. Ringi ikilowa, raba za breki hufuta maji kwanza kabla ya kushika, na wewe umeshasogea mita kadhaa. Diski iko juu, mbali na maji ya barabarani, na inashika mapema. Tena, mchanga unaonaswa kwenye raba hula ringi yenyewe, hadi siku moja gurudumu zima halifai. Kwenye diski unabadilisha pedi na sahani tu. Fremu za diski pia hupokea tairi pana, nyingi hadi milimita 32, na kwa barabara mbovu hilo ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Gia za umeme ni nzuri kweli. Hazina waya wa chuma wa kulegea, na kwa mifumo mingi kibadilishi cha mbele, kile kinachohamisha mnyororo kwenye meno ya mbele, hujirekebisha chenyewe ili mnyororo usikikwaruze. Mwenye vidole dhaifu au vyenye maumivu, kwake ushauri wangu unageuka: kubonyeza kitufe kunaweza kuwa ndiko kunakomwezesha kuendesha. Kwa wengine, gia za waya zilizosetiwa vizuri zinatosha kabisa.

Ila jua hili kabla ya kupanga kuziongeza baadaye: kwenye baiskeli hizi mkono wa breki ndio huo huo wa gia. Ukihamia umeme unabadilisha mikono, na breki za mafuta (zinazosukumwa na mafuta badala ya waya) lazima zifunguliwe na kutolewa upepo upya. Weka gharama hiyo kwenye hesabu. Mafuta nayo usichanganye: kati ya watengenezaji wa breki na gia, Shimano hutumia mafuta ya madini, mifumo mingi ya SRAM hutumia DOT, aina nyingine ya mafuta ya breki, na ukikosea sili (raba za kuzuia kuvuja) za ndani zinaharibika.

Gurudumu likiwa limetolewa, usibane breki. Pedi zitasogeleana na diski haitaingia. Na unapopulizia mnyororo mafuta, funika diski ya nyuma kwa kitambaa isirukiwe na mafuta.