Kutazama video pembeni huku unafanya kazi: yaliyonikuta saiba

Mleta mada anauliza atatazamaje masomo ya Excel kwenye laptopu bila kurukaruka kati ya video na jedwali lake. Inawezekana, tena husakinishi kitu kama tayari una kivinjari cha Firefox au Chrome.

Mimi nina saiba (duka la intaneti) Kondele, Kisumu. Kidirisha cha video kinachoelea nimekitumia tangu Firefox ilipokileta kwenye Windows, Desemba 2019. Peleka kipanya juu ya video, kitufe kinajitokeza ubavuni. Bonyeza, video inachomoka na kukaa juu ya kila kitu. Chrome inacho tangu 2018, ila YouTube inazungusha watu: ukibonyeza kulia mara ya kwanza unapata menyu ya YouTube yenyewe, bonyeza kulia tena palepale ndipo ya Chrome itokee yenye "picha ndani ya picha". Wengi huishia pale pa kwanza. Na usifunge kichupo video ilikotoka, vyote vitapotea.

Kwa masomo, chukua Firefox. Tangu toleo la 100, mwaka 2022, maandishi ya maneno yanayosemwa kwenye video za YouTube yanaonekana hadi kidirishani, kwa hiyo unaweza kuzima sauti. Kitufe kirefu cha nafasi kinasimamisha, mshale wa kushoto unarudisha nyuma. VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta kitu kwenye jedwali, niliijua hivyo: mwalimu aseme kidogo, namsimamisha, naandika, ikikataa namrudisha. Kidirisha kiweke kulia kwenye safu tupu, kisha vuta kona hadi fomula isomeke. Chini kabisa kitaziba jumla ambayo Excel hukuonyesha ukichagua tarakimu.

Simu? Android 8 kwenda juu inaweza, lakini skrini yenyewe ni ya kugombania.

Mpira sasa, hapo sikushauri. Wiki ya mwisho ya Juni, foleni ya ritani za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, imefika mlangoni, na mimi nimebandika mechi ya Gor Mahia kwenye kona. Mzee mmoja ananisomea PIN yake, namba ya mlipa ushuru, tarakimu moja moja, pole pole, mara kona ikapigwa. Vidole vikaendelea, macho yakahama. Mfumo ukakataa. Nami bila haya nikamwambia, "Mzee, labda umeisoma vibaya." Akavaa miwani, akaisoma upya, akainama akachungulia skrini yangu.

"Omera (ndugu yangu), unanijazia ama unatazama mpira?"

Nilikuwa nimeruka 4 moja. Sikumtoza. Siku hizi mechi naisikiliza redioni.