Kwa uliyeacha sigara wiki hii: tafuta watu kabla ya ushujaa

Wengi wetu tukiamua kuacha sigara tunaacha kimyakimya. Hatumwambii mtu, kwa sababu tunajua kitakachofuata: ukitangaza, halafu ukaonekana tena na fegi mkononi, kijiwe kizima kitakucheka. Kwa hiyo mtu anaamka asubuhi, anatupa pakiti, anakaza meno, na jioni ya siku ya tatu yuko dukani kwa Mangi anaomba moja. Nilivuta miaka mingi nikiwa fundi magari hapa Dar es Salaam, na tangu niache nimekaa na wenzangu kadhaa katika zile siku zao za mwanzo. Niliowaona wakivuka ni wale waliokuwa na watu, na watu hao walijua kazi yao.

Kwanza ujue unapambana na nini. Ukivuta, nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20 tu. Baada ya saa 2 hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu, na ubongo unadai nyingine. Ukiacha kabisa, arosto inaanza siku hiyohiyo, na kwa wengi inakuwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu. Kisha inapungua taratibu kwa muda wa wiki 2 hadi 4. Hiyo siku ya tatu usiipange kuwa siku ya kupokea mshahara, wala siku ya kwenda kugombana na mwenye nyumba. Ipangie kazi ya mikono na mtu wa kuwa naye jioni.

Arosto ina sura nyingi. Hasira bila sababu, usingizi kukatika, kichwa kizito, njaa isiyoisha, choo kuwa kigumu, vidonda vidogo mdomoni. Wengine wanapata huzuni nzito. Wengi hushtuka zaidi na kikohozi: mtu ameacha sigara na kikohozi kinazidi, basi anasema mwili umeizoea, bora nirudi. Usirudi. Vile vinyweleo vya njia ya hewa vilivyokuwa vimelemazwa na moshi vinaanza tena kufanya kazi na kusukuma makohozi nje. Ila kikohozi kikifika wiki 2, au ukiona damu, homa za jioni au kupungua uzito, nenda kituo cha afya ukapime kifua kikuu. Wavutaji tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo, na hapa Tanzania kipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Sasa watu. Usiwaambie watu kumi kwamba umeacha, waambie watatu, na kila mmoja mpe kazi yake.

Wa kwanza ni wa nyumbani. Mwambie wazi kabla siku haijafika: "Mke wangu, naacha sigara. Wiki hii nitakuwa mkali kwa mambo madogo. Ukiona nimeanza, usinijibu, niache nitoke nje dakika 10." Nimeona ndoa zikipata misukosuko mikubwa wiki hiyo kwa sababu tu mwenzake hakuambiwa kinachoendelea, akadhani kuna mwanamke mwingine au deni. Akijua, atakusaidia hata kwa chakula: kikombe cha maji karibu, karanga, karoti, kipande cha tangawizi cha kutafuna.

Wa pili ni wa kazini au kijiweni, na huyu ni bora awe mvutaji. Mwombe jambo moja tu: asikupe, hata ukimbembeleza, na asivutie pembeni yako kwa wiki hizo chache. Usimwombe aache na yeye. Hapo pia mwambie Mangi. Anaijua sigara yako, anakutolea kabla hujasema, tena kwa mkopo. Mwambie mkopo wa sigara umefungwa. Utaona aibu siku moja, lakini mlango mkubwa kabisa utakuwa umefungwa nao.

Wa tatu ni wa simu. Huyu awe mtu aliyewahi kuacha, au ndugu mwenye subira asiyehubiri. Hamu ya sigara ikipanda huwa haidumu, ni dakika chache inafika kileleni kisha inashuka, iwe umevuta au hujavuta. Kazi ya mtu huyu ni kuzungumza nawe dakika hizo. Si lazima mzungumzie sigara, zungumzeni mpira, shamba, watoto. Asipopokea, nawa uso, kunywa maji, tembea mpaka kituo cha daladala na kurudi. Kama huna mtu kabisa, wenzetu wa Kenya wanaweza kupiga bila malipo namba 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Hapa kwetu, mnong'oneze muuguzi au mganga wa zahanati, wengi watakusikiliza vizuri kuliko unavyodhani.

Anayebisha kwamba watu hawana msaada kwenye jambo hili, namkumbusha Ramadhani. Mvutaji wa pakiti nzima kwa siku anafunga saa zaidi ya 13 bila sigara, anafanya kazi, anaswali, anarudi nyumbani. Mwili wake ni uleule wa mwezi Shaaban, na nikotini inashuka vilevile. Tofauti ni kwamba hakuna anayemkaribisha sigara, hakuna anayewasha mbele yake, na nia yake inajulikana na wote waliomzunguka. Shida inarudi baada ya futari, pale baraza linapowasha kwa pamoja. Kama wewe ni Mwislamu, anzia hapo: futuru, swali, uende tarawehe moja kwa moja bila kupitia barazani.

Kahawa nayo ina habari yake. Moshi wa sigara unalifanya ini liisafishe kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo vikombe vilevile vya kahawa chungu ulivyozoea vitakufanya moyo uende mbio na usiku ukodoe macho darini, nawe utadhani ni arosto. Punguza kwa nusu. Kuna faida ya pili: hutakaa muda mrefu kwa muuza kahawa, ambako kila kikombe kilikuwa na sigara yake.

Dawa zipo, na kuzitumia si udhaifu. Jojo na plasta za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Uliza kwenye maduka makubwa ya dawa mjini. Bei yake inauma, lakini ilinganishe na unachotumia kwa mwezi ukinunua moja moja. Jojo hiyo haitafunwi kama ya dukani. Itafune polepole mpaka uhisi ukali, kisha iweke kati ya shavu na ufizi itulie, ukali ukiisha utafune tena. Usinywe soda, juisi au kahawa robo saa kabla yake, kwa sababu nikotini haitaingia vizuri. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia dawa za kisukari au za akili azungumze na daktari kwanza, kwani kuacha sigara kunaweza kubadilisha kiwango cha dawa anachohitaji. Na usihamie kwenye ugoro au shisha ukasema umeacha. Ni tumbaku ileile.

Ukiteleza ukavuta moja, mpigie yule wa tatu usiku huohuo. Moja haijakurudisha mwanzo. Kinachorudisha watu ni kuificha, kwa sababu ukishaificha ya kwanza, ya pili haina wa kuiuliza. Tupa iliyobaki, angalia ulikuwa wapi na nani, na kesho usipite hapo.

Jambo la mwisho ni msiba, maana huo haupangwi. Wanaume tunakaa nje usiku kucha, turubai, moto wa magogo, kahawa, na pakiti inazunguka kwa heshima ya marehemu. Nimeona watu waliokaa miezi mizima bila kuvuta wakirudi katika usiku mmoja wa namna hiyo. Kama msiba utatokea katika wiki zako za mwanzo, nenda na mmoja wa wale watatu. Mwambie mzee msimamizi kwamba umeacha, naye atakupa kazi: kupanga viti, kusimamia maji, kwenda kuchukua wageni kituoni. Kaa upande wa wanaosoma au wanaoimba, na saa 5 usiku uage, urudi alfajiri.