Unataka kufufua Impreza ya zamani nyumbani? Bodi kwanza, injini baadaye

Vijana wengi sa hizi wanauliza kuhusu Subaru Impreza za turbo za miaka ya 90, zile ambazo nambari ya chesisi inaanza na GC8, wanataka wapate moja imechoka waifufue nyumbani polepole jioni na wikendi, na swali la kwanza la karibu wote ni injini. Iko na nguvu? Turbo inapuliza? Jibu langu ni lilelile kila siku: injini inapatikana, bodi, yaani mwili wa chuma wa gari, haipatikani. Tangu sheria ya 2018 gari iliyofika miaka 15 haiingizwi tena Uganda, na GC8 za mwisho zilitengenezwa mwaka 2000, kwa hivyo hakuna ingine inakuja na meli. Zile ziko hapa ndizo hizo tu. Moja ikioza ikakatwa ikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, imeenda hiyo. Ndiyo maana nawaambia nunueni bodi, injini iliyo ndani ihesabu kama nyongeza.

Siku ya kwenda kuiangalia nenda mchana kukiwa kukavu, rangi yenye maji inaficha mengi. Beba sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa isikwaruze, anza kwa mlango ujue inashikaje kwa chuma kizima, alafu pitisha polepole juu ya matao ya magurudumu ya nyuma. Hapo ndipo hizi gari zinapoanza kuoza, na zinaoza kutoka ndani, pale karatasi mbili za chuma zinapokutana na tope linakaa. Sumaku ikiteleza tu, ujue chini ya rangi kuna puti nene (ile ya kujazia mashimo kabla ya rangi), na chini ya puti mara nyingi kuna tundu. Inua kapeti, toa tairi la spea ndani ya buti uweke mkono pale chini, angalia vichwa vya shokapu mbele na nyuma. Alafu lala chini kabisa, usione aibu mbele ya mwenye gari, gonga zile sehemu za chini ya milango kwa mpini wa bisibisi, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti nzito isiyoenda popote.

Hapa kwetu kuna jambo lingine, GC8 kadhaa zilishakimbia rali kabla ya kurudi kuwa gari za barabarani. Wengi mapenzi yetu yalianzia hukohuko, Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya na Impreza 1997, Richard Burns akashinda tena na Impreza 2000, na huku Pearl of Africa Rally tulizizoea kabisa. Gari iliyokimbia si lazima uikatae, ila tafuta alama za mahali mabomba ya keji (ile fremu ya ndani ya kumlinda dereva) yalikuwa yamechomelewa sakafuni, na nyufa ndogo karibu na vichwa vya shokapu. Ufa wa rangi peke yake ni kitu kimoja, ufa wa chuma hapo ni kazi kubwa.

Soma nambari ya chesisi pia. Sedani iliyotoka kiwandani na turbo inaanza na GC8, wagoni ni GF8. Ukikuta GC1 au GC2 na nyuma imeandikwa WRX, jina la toleo la turbo, na bawa kubwa, hiyo ni gari ya kawaida imevalishwa, na si vibaya kama bei nayo ni ya gari ya kawaida. Linganisha na logbuku, nambari ya injini pia, maana nyingi zilishabadilishwa injini na hakuna aliyeenda kuandikisha, na huo mzigo utakuangukia wewe ukitaka kuuza.

Sasa kutu yenyewe. Kutu inataka maji na hewa, basi, na Kampala mvua inatupiga Machi mpaka Mei alafu tena Septemba mpaka Novemba. Chumvi ya kuyeyusha theluji barabarani kama Ulaya hatuna, hiyo ni bahati yetu kubwa, lakini udongo mwekundu wa maramu unaingia ndani ya matao, unaziba vile vitundu vya kutolea maji, unabaki na unyevu wiki nzima hata kama nje gari inang'aa. Na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi inavimba. Kwa hiyo ukiona kipele kidogo juu, upande wa ndani uharibifu ni mpana zaidi, ukipiga msasa ukapaka juu yake umeifunika tu iendelee kula.

Kata mpaka ukute chuma cheupe. Hapa ndipo watu wanapoharibu gari nzuri, kwa sababu karatasi ya bodi ni nyembamba, kama milimita 0.7 au 0.8 hivi. Mafundi wa mageti wa Katwe, hapa Kampala, wana mkono mzuri sana kwa chuma kinene, nawaheshimu, lakini mashine ya kuchomelea ya vijiti inatoboa hiyo karatasi, na gesi inaipasha joto mpaka inajikunja mawimbi ambayo hata puti haiyaondoi vizuri. Tafuta fundi mwenye mashine ya MIG na waya wa milimita 0.6, na achomelee doa moja hapa, doa lingine mbali na hapo, aache ipoe, arudi, hivyo hivyo mpaka madoa yakutane. Ni kazi ya uvumilivu na ukimwona anavuta mstari mrefu kwa mara moja msimamishe kwa heshima. Kiraka kikatwe kutoka kwa bodi ya gari ingine, sio mabati ya nyumba, yale yako na zinki na moshi wake ukiuvuta unaweza kukuletea homa na kutetemeka usiku huohuo.

Kabla cheche haijaruka toa betri, chomoa kompyuta ya gari, toa kapeti na viti vya nyuma. Na kumbuka bomba la kujazia petroli linapita upande wa tao la nyuma la kulia, hapohapo unapotaka kuchomelea, kwa hiyo bomba na tangi vitoke kabisa viwekwe mbali. Mtu mmoja asimame na kizima moto, kazi yake iwe kuangalia tu.

Ukimaliza kuchomelea paka praima ya epoksi, ziba maungio, alafu ndani ya matao na sehemu za chini ya milango nyunyiza nta ya kuzuia kutu. Wengi hapa wanamwaga oili chafu ya injini, mimi siiungi mkono, ile imeshakuwa na asidi, inaharibu mipira na inachafua udongo wa nyumbani kwako. Rangi ya mwisho, hasa ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), usiipulize uani ukiwa umefunga leso mdomoni, mvuke wake unaumiza mapafu vibaya na maski ya vumbi haiuzuii. Hiyo mpelekee fundi mwenye chumba na vifaa.

Usifungue gari yote kwa mara moja. Chukua kona moja, tuseme gurudumu la nyuma kushoto, maliza kutu, bushi, breki, rudisha, ndio uende kona ingine. Gari iliyofumuliwa yote pesa ikiisha inabaki maboksi, na maboksi hayana anayeyanunua kwa bei ya gari. Boliti za kila sehemu zitie kwenye mfuko wake, andika, piga picha kabla hujafungua. Na jeki ni ya kuinua tu, haishikilii mtu akiwa chini, tofali la saruji ni hatari zaidi kwa sababu linapasuka ghafla. Nunua stendi nne za chuma kabla ya kitu kingine chochote.

Upande wa spea tuna raha ambayo wenye gari zingine za spoti hawana. Forester ya kwanza, ile ya SF ya kuanzia 1997, ilijengwa juu ya msingi wa Impreza, na Forester zimejaa nchi hii. Bushi nyingi, maunti za injini, beringi, vitu vingi vya chini vinaingiliana. Ukienda soko la spea la Kisekka, Kampala, usiseme tu nataka ya Impreza, beba ile ya zamani mkononi, pima, linganisha.

Injini ni EJ20, silinda nne zimelala kwa pembeni, mbili kila upande. Pima kompresheni (presha ndani ya silinda) ya zote nne, unachotaka ni zikaribiane. Kama gari haina historia ya sevisi badilisha taiming belti pamoja na puli zake na pampu ya maji mara moja, usingoje ile kilomita 100,000 ya vitabuni, kwa sababu belti ikikatika kwa hizi za turbo valvu zinagonga pistoni na injini imekwisha. Weka kulanti, sio maji ya mfereji, maji matupu yanakula aluminiamu. Na turbo usiiongeze presha. Gari za soko la Japani zilipangwa kwa petroli yao ya oktani 100, yetu iko chini ya hapo, kwa hiyo tia ile bora unayopata na uiache ilivyo. Ukilazimika kununua injini ingine, izungushe kwa mkono na soketi ya 22 kwenye boliti ya puli kubwa, fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna ute mweupe, na risiti iandikwe nambari ya injini na siku za kurudisha.

Tairi nunua nne zinazofanana. Gari inavuta magurudumu yote, na tairi mbili mpya na mbili zilizoisha zinafanya difu ya katikati ifanye kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Rimu za Toyota Wish zina boliti tano kwa kipimo kilekile cha 5x100 (boliti tano kwenye duara la milimita 100), watu wanazileta kwa bei nzuri, lakini tundu la kati la Toyota ni milimita 54.1 na haba ya Subaru, pale rimu inapokaa, ni 56.1, haziketi mpaka zipelekwe kwa fundi wa mashine ya lathe zipanuliwe sawasawa, usikubali zigongwe kwa nyundo.

Ikianza kutembea, kaza nati za magurudumu tena baada ya kilomita 50 hivi. Na kila ukitoka maramu, kabla tope halijakauka, weka hosi ndani ya matao ya nyuma, osha mpaka maji yatoke safi, alafu pitisha waya mwembamba kwenye vitundu vya chini ya milango uhakikishe maji yanatiririka.